Sufuria Tupu ya Mama

Katika hospitali ile ya Butembo, juu ya kitanda cha mama yangu walibandika karatasi mpya: kila mgonjwa apimwe uzito kila wiki, na chakula anachokula kiandikwe. Eti utunzaji umeboreshwa. Mzani wenyewe ulikaa ofisini kwa mganga mkuu, umefunikwa kitambaa cha kufuma kama redio ya maharusi. Niliwadharau wote, na sioni haya kusema.

Mama alikuwa amepasuliwa tumbo. Wiki ya tatu kidonda kilikuwa bado hakijafunga, na tulishaambiwa kisipofunga tutampoteza. Kila wiki muuguzi aliandika uzito uleule wa siku ya kwanza bila kumpima. Kwetu chakula cha mgonjwa hutoka nyumbani, basi yeye alichungulia sufuria yangu tu.

"Mama anakula muzuri," akasema. "Sufuria inarudiaka tupu."

Kalamu yake ilikuwa na bidii kuliko macho yake.

Wakaguzi walipofika kutoka Beni, mzani ulitolewa mbiombio. Mama akapandishwa. Alikuwa amepungua kilo saba. Mganga mkuu akawachekea wageni.

"Hii balanse imekufa," akasema, akiugonga mzani kwa kidole.

Imekufa! Mimi nauza maharagwe mtaa wa Vulamba. Kabla ya kupima magunia najipima mwenyewe kwanza, nijue kama mzani wa bohari unaniibia. Kilo zangu nazijua vizuri. Nikawatajia wageni kilo zangu, nikavua viatu, nikapanda mbele yao ili nimwaibishe bwana mkubwa yule.

Nilikuwa nimeongezeka kilo tatu.

"Munaona?" akasema kwa furaha. "Imekufa kabisa."

Nilitamani kunyamaza. Kila jioni mama alionja matonge mawili ya bugali, kisha akanisogezea sahani: "Malizia, mwana wangu, tusimwage chakula." Nami nilimalizia, samaki na mchuzi wake, nikaosha sufuria nikijiona binti mwema.

"Hapana, docteur, iko muzima," nikasema. "Chakula yake nilikuwa nakula miye."

Jioni ileile mama alianza kupewa maziwa ya dawa, na baadaye kidonda kilifunga. Muuguzi alisimama pale kitandani kila mara mpaka kikombe kiishe. Hakuwa akimwangalia mama. Alikuwa akiniangalia mimi.