Nesi anayeuliza bunduki inalala wapi

Jumanne, tarehe 21 Oktoba 2025. Jalidi imetanda nyeupe juu ya mabua ya ngano na upepo wa kaskazini unauma masikio, lakini mbingu ni safi. Jua linachomoza nyuma ya ghala la nafaka la Tordal, mji mdogo mashariki mwa Montana.

Saa moja na nusu asubuhi, Lorna Haugen anafungua mlango wa zahanati, anawasha taa, anatia kahawa kwenye birika, kisha anasimama dirishani akiwa amefumba macho. Anaomba. Maneno yake ni machache: "Bwana, leo nipe masikio." Halafu anavaa koti lake la bluu na kuanza kazi.

Mgonjwa wa kwanza ni mtoto wa miezi tisa mwenye kikohozi, amebebwa na mama yake, Kelsey Brandvold. Lorna anamweka mtoto kwenye mizani huku akimtekenya nyayo.

"Ameanza kutambaa?"

"Kutambaa? Huyu anakimbia kwa magoti. Jana nimemkuta ameinamia bakuli la mbwa."

"Alikula?"

"Alikula, na mbwa akamwachia!"

Wanacheka wote wawili. Lorna anaandika uzito, kisha anaendelea kwa sauti ileile. "Basi akishafika kwa mbwa atafika kila mahali. Sumu ya panya iko wapi?"

"Juu kabisa, rafu ya gereji."

"Ngazi za kushukia chini?"

"Tumeweka kigeti."

"Na bunduki za mumeo Travis, zinalala wapi?"

Kelsey hashtuki. "Kwenye sefu. Ila ile ya kwenye pikapu, mara nyingine anaisahau hukohuko."

"Mwambie nimesema pikapu siyo kitanda."

"Nitamwambia. Wewe anakuogopa kuliko mama yake."

Swali hilo, ambalo hapa linapita kati ya sumu ya panya na kikohozi, limewagawa watu wa Tordal kwa miaka miwili sasa. Wapo wanaosema daktari na nesi wana haki ya kuuliza, kwa kuwa kazi yao ni kulinda uhai. Wapo wanaosema kilichomo ndani ya nyumba ya mtu hakiwahusu.

Duane Opsahl, muuza mbegu na mbolea, yumo katika kundi la pili na hafichi. "Daktari aangalie koo langu," anasema akiwa ameegemea kaunta ya duka lake. "Sefu yangu haina mafua."

Lorna, mwenye umri wa miaka hamsini na minane, anamwelewa Duane vizuri, kwa sababu mwanzoni naye alikuwa upande huo. Amezaliwa kilomita kumi kutoka zahanati hii. Alimpiga risasi kulungu wake wa kwanza akiwa na miaka kumi na miwili, baba yake akiwa amesimama nyuma yake. Nyumbani kwake zimo bunduki tatu na hana mpango wa kuziuza.

"Daktari wetu Renata alipokuja na swali lile, mimi nilikuwa naliruka," anasema. "Kumuuliza mtu wa hapa kama ana bunduki ni sawa na kumuuliza kama ana mlango. Jibu nalijua. Niulize nini?"

Kilichombadilisha ni mtoto wa miaka mitatu. Lorna alikwenda shamba moja kumpima mtoto mchanga. Akiwa ameinama juu ya mizani, kaka yake yule mchanga alimvuta koti na kumpa kitu, kama mtoto anavyompa mgeni pipi. Ilikuwa bastola ya baba yake, na ilikuwa na risasi.

"Niliipokea kwa mikono miwili, nikamwambia asante," anasimulia. "Mama yake alikaa chini sakafuni akalia. Hakuna aliyeumia, Mungu asifiwe. Lakini nilijua kuwa jibu nililokuwa nalijua siku zote halikuwa na faida. Kila mtu anazo. Swali ni zinalala wapi, na nani anaweza kuzifikia."

Daktari Renata Wojcik, aliyehamia hapa kutoka Minneapolis, anasema anauliza bunduki kama anavyouliza mkanda wa gari na maji ya kisima. Anauliza zaidi penye watoto na penye huzuni nzito. "Mtu mwenye huzuni anaweza kuwa na dakika moja mbaya sana," anasema. "Dakika ile ikipita, mara nyingi anaishi. Mimi nataka ipite."

Lakini mwezi uliopita swali hilo lilikwenda vibaya, na tangu siku hiyo Lorna amekuwa na mzigo moyoni.

Arvid Tollefson, mkulima wa ngano mwenye umri wa miaka sabini na minne, alimzika mkewe Marlys mwezi Agosti. Ana ugonjwa wa sukari na kidonda mguuni ambacho kinatakiwa kuoshwa kila wiki. Katikati ya Septemba alikuja zahanati, daktari akampa pole, kisha akageukia kompyuta na kumuuliza ana bunduki ngapi nyumbani. Arvid alitoka na kiatu kimoja mguuni na kingine mkononi. Hajarudi.

"Swali lilikuwa la haki, ila nilimuuliza nikiwa nimempa mgongo," anasema daktari. "Nimempigia simu mara kadhaa. Akisikia sauti yangu anakata."

Hospitali yenye daktari wa upasuaji iko umbali wa kilomita mia moja thelathini. Mguu wenye sukari ukiachwa hivyo unaweza kukatwa. Na si mguu tu unaomtia Lorna hofu.

Saa nane mchana anapakia bandeji na maji ya chumvi kwenye gari lake, anaelekea shambani kwa Arvid. Akifika anazima injini, anabaki ameshika usukani kwa muda, midomo ikicheza. Kisha anashuka.

Arvid anafungua mlango nusu. "Umetumwa na yule daktari?"

"Nimetumwa na mguu wako. Unanuka mpaka barabarani."

"Hiyo ni mbolea."

"Mbolea ya nani, mzee, na mashamba yamelala? Nipishe."

Anampisha. Jikoni, juu ya meza, vimerundikana vyombo vya vyakula vya msiba, vile ambavyo majirani walileta vikiwa na viazi na nyama ya kuokwa, kila kimoja kimebandikwa jina la mwenyewe chini. Vimeoshwa, lakini hakuna hata kimoja kilichorudishwa. Tordal, chombo cha msiba hurudishwa ndani ya wiki, na anayekirudisha hukaribishwa kahawa. Lorna anavitazama na kuelewa kwamba Arvid hajakanyaga nyumba ya mtu tangu mazishi.

Anapiga magoti, anafungua bandeji ya zamani. Kidonda kimepanuka, ila nyama bado ni nyekundu. Anaosha taratibu.

"Utapona ukinipa nafasi," anamwambia. "Una kichwa kigumu, lakini mguu wako una akili."

Arvid anakaribia kutabasamu. Lorna anamaliza kufunga, anavuta kiti, anakaa ana kwa ana naye.

"Sasa nakuuliza, na sitazunguka. Tangu Marlys aondoke, umewahi kukaa hapa ukatamani usiamke?"

Mzee anageuza uso dirishani. Nje, upepo unasukuma mlango wa banda, unafunga, unafungua. Lorna hamharakishi.

"Siyo kila siku," anasema mwishowe.

"Asante kwa kuniambia."

"Asante ya nini?"

"Ingekuwa rahisi kunidanganya. Bunduki zinalala wapi, Arvid?"

"Aa! Nilijua tutafika huko."

"Tumefika. Wapi?"

Anapumua. "Moja nyuma ya mlango huo. Mbili kabatini. Na bastola ya baba iko kwenye droo ya kando ya kitanda, upande wa Marlys."

"Ningelala vizuri zaidi zikilala kwingine msimu huu."

"Wewe mama, sikiliza. Mtu wa hapa akinyang'anywa bunduki zake, bora umpeleke jela. Nitapita vipi mjini?"

"Nani katamka kunyang'anya? Msimu wa kuwinda unafunguliwa Jumamosi. Mimi naomba kuazima."

"Una zako tatu."

"Na wewe una mguu mmoja. Utakwenda kuwinda kwa kuruka?"

Hapo mzee anacheka, kicheko kikavu kilichokaa ndani muda mrefu. Watu wa Tordal huazimana trekta, fahali, ngazi na bunduki, na hakuna aibu kwa anayetoa wala anayepokea. Baba yake Arvid aliishi hivyo, na babu yake. Lorna hakumficha sababu: anamwogopea, na anamwambia hivyo machoni. Lakini amempa mlango ambao mtu wa hapa anaweza kupita bila kuinama.

"Ile ndefu ya nyuma ya mlango chukua wewe, unajua kulenga," Arvid anasema baada ya kufikiri. "Ya kuwindia ndege apewe Travis Brandvold. Lakini usimpe Duane ile nyingine ya kabatini, anapiga kama kipofu."

"Duane ana sefu kubwa kuliko watu wote mjini."

"Basi apewe kwa masharti. Asiifyatue."

"Na bastola?"

Mzee anasugua magoti yake. "Ya baba mpelekee mchungaji. Aiweke kanisani na vyombo vya ushirika mtakatifu, kule hakuna anayeiba."

Lorna anaondoka na bunduki zote nne, na vyombo vya majirani pia, vimejaa kiti cha nyuma. Viwili tu anaviacha mezani kwa makusudi, chombo cha Kelsey na chombo cha mke wa Duane. "Hivyo utavirudisha mwenyewe," anamwambia. "Kahawa yao ni nzuri."

Barabarani kurudi mjini anaimba tenzi, kwa sauti ambayo mwenyewe anakiri si ya kwaya. Mshahara wake, anasema, unatosha mtu asiyetaka makuu, na mwaka ujao angeweza kustaafu. Hataki bado. Amepanga majira ya baridi kuzunguka zahanati ndogo za wilaya na kuwafundisha manesi vijana namna ya kuuliza: kaa chini, mtazame mtu, uliza moja kwa moja, kisha nyamaza mpaka ajibu. "Na usimwache mtu na jibu lake peke yake," anaongeza. "Akikuambia zinalala wapi, msaidie kuzihamisha."

Alhamisi jioni, ukumbi wa chini wa kanisa la Kilutheri umejaa. Ni karamu ya kila mwaka kabla ya msimu wa kuwinda: viazi, chapati laini za viazi, siagi iliyoyeyushwa, na lutefisk, samaki mkavu aliyelowekwa mpaka anatetemeka sahanini. Harufu yake imefika barabara kuu.

Arvid anaingia akichechemea, chombo cha mke wa Duane mkononi. Watu wanampisha.

"Arvid!" Duane anapaza sauti kutoka kwenye meza ya kahawa. "Naona unagawa urithi kabla hujafa!"

Vijiko vinasimama. Mke wa Duane anamkanyaga mumewe mguu, na uso wa Duane unageuka mwekundu kama bitiruti. Daktari Renata, aliyekuwa anagawa viazi, anaweka upawa chini. Lorna anainuka nusu.

Arvid anaweka chombo mezani. "Siyo urithi, Duane. Nimeazimisha. Na hiyo uliyopewa usiifyatue, nimeshamwambia Lorna unavyopiga."

Watu wanacheka, na wa kwanza kucheka ni Duane mwenyewe. Anamvutia Arvid kiti. "Kaa hapa, ndugu yangu. Mdomo wangu huu… Itakaa kwenye sefu kama yai. Namba ya kuifungulia nitampa Lorna, wewe sikupi."

"Sefu isiyo na mafua?" Lorna anamuuliza.

"Haya, haya. Nimesikia."

Daktari anasogea na kukaa upande wa pili wa meza, uso kwa uso na mzee. "Bwana Tollefson, siku ile nilikuuliza nikiwa nimekupa mgongo. Naomba radhi."

"Uliniuliza idadi," Arvid anajibu. "Lorna aliniuliza hali."

"Nikikuuliza tena?"

Mzee anageuza kichwa. Anamwangalia Lorna. Baadaye, alipoulizwa kama jina lake liandikwe katika makala haya, alisema, "Andikeni, ila andikeni vizuri, maana wapo wengine wanakaa jikoni kama mimi." Lakini sasa anashika ukingo wa meza na kusimama.

"Sema kwa nguvu," Lorna anamwambia. "Wazee wa nyuma masikio yao yamechoka."

"Mimi Arvid Tollefson," anasema kwa sauti, "nasema mbele yenu, na mbele ya Mungu ambaye nimemnunia tangu Agosti. Sitadai hata bunduki moja kabla theluji haijayeyuka. Kila Jumanne nitaupeleka mguu huu zahanati. Na daktari akiniuliza, nitakaa kwenye kiti na kumjibu."