Kiganja cha Wobbe Haisma

Kwa miaka thelathini Wobbe Haisma aliuza ng'ombe kwenye mnada wetu wa Ijumaa, huku Friesland, Uholanzi, na hakukosa hata Ijumaa moja. Vumbi la nyasi kavu lilikuwa limemharibia mapafu. Ulimi ulikuwa mzima. Kwetu bei hupatanwa kwa kupigana viganja: unataja, unapiga, mwenzio anataja, anapiga. Pigo la mwisho likishalia, hakuna kurudi nyuma.

Ijumaa moja ya Februari nilimtaka mtamba wake mweusi. Kiganja chake kilikuwa cha moto kama bamba la jiko.

"Mzee, una homa wewe."

"Mafua tu. Au unatafuta njia ya kukimbia bei?"

Watu wakacheka. Lakini mafua ya kawaida huanza taratibu, puani. Huyu alifika mzima, na saa nne alikuwa anatetemeka, viungo vyote vinamuuma. Nililiona hilo nikanyamaza, maana mgonjwa huchoka mapema kubishana. Tulipigana viganja mara kumi na mbili. Baada yangu akapigana na wengine saba.

Jumatatu homa ilishuka, akanywa supu ya njegere, akatangaza amepona. Jumatano nilipokwenda kumchukua mtamba, nilimkuta jikoni akihema, midomo ya buluu. Binti yake, Jikke, alikuwa ameshika simu.

"Daktari anasema homa ikishuka kisha ikarudi hivi, ni kichomi. Gari la wagonjwa lije sasa hivi. Baba hataki."

"Kesho," akasema Wobbe.

Nikavuta kiti, nikamnyooshea mkono. "Sasa."

Akapiga. "Kesho asubuhi."

Nikapiga. "Sasa."

"Jioni… nikishakamua."

"Nitakamua mimi. Sasa."

Kila pigo lake lilikuwa dogo kuliko lililotangulia. La mwisho halikulia. Kiganja kilitua tu juu ya changu, baridi.

"Umenipunja, mshenzi we."

"Nimekupunja. Jikke, waite."

Ijumaa iliyofuata watu watano hawakuonekana mnadani. Jioni Jikke akapiga simu: baba yuko kwenye oksijeni, anachomwa sindano, homa imeshuka. Sikufurahi, ilishawahi kushuka. Daktari alitaka majina ya wote waliopigana naye viganja. Nikaanza na langu, na kabla sijafika la nane meno yalikuwa yanagongana.

Nilimwambia mke wangu nitalala peke yangu chumba cha nyuma, chakula aniwekee mlangoni.

"Wiki nzima," akasema, "na daktari namwita leo."

Nikakubali bei ya kwanza.