Ukurasa Niliomficha Yaya Deo

Siku yangu ya kwanza kazini, Madame la directrice, yaani mkuu wa maktaba ya vipofu, pale Saint-Josse huku Ubelgiji, alinifungia ndani ya kabine, kile chumba kidogo cha kurekodia chenye kuta za sponji, akaniambia nisome riwaya kwa sauti. Nikasoma kwa madaha kama padri wa Pasaka. Akagonga kioo.

"Bon, monsieur, hapa hakuna misa. Ukikosea, rudi mwanzo wa sentensi. Hiyo tunaita reprise. Na usiruke hata neno moja. Kipofu hawezi kufungua ukurasa kukukagua."

Nyinyi vijana mtacheka, lakini ilikuwa kazi ya watu. Huvai shati linalokwaruza, na tumbo likinguruma fundi wa sauti anasimamisha kila kitu. Wazee wa Kibelgiji waliomba sana riwaya za vita vya mahandaki, ile mitaro ya matope ambamo babu zao walikaa wakipigwa mabomu. Nikapewa hizo. Nilisoma panya, chawa na baridi, nikasoma askari wadogo wasio na nyota begani wakiwalilia mama zao. Directrice wa pili aliniita "sauti ya mahandaki", nami nikavimba kichwa, mimi niliyekimbia vita kule Bukavu bila kushika hata fimbo.

Nilipostaafu, Furaha akanipigia simu. Ni binti wa Yaya Deo, yaani kaka Deo, mkubwa wangu wa mtaa mmoja kule Bukavu. Deo alikuwa soda, yaani askari, huko milimani. Baadaye ugonjwa wa sukari ukamla macho. Sasa anaishi kwa Furaha, Auderghem. Kwenye matanga, wenzake wa jeshi wakikaa kusimuliana, yeye huenda kukaa jikoni na wamama. Hakuna aliyejua kwa nini.

"Tonton, papa anataka umusomee bile bitabu ya vita," Furaha alisema; tonton, yaani mjomba, ndivyo anavyoniita.

Basi kila Jumapili baada ya misa nilimsomea, nikigeuza Kifaransa kuwa Kiswahili papo hapo. Siku moja tukafika pale ambapo kijana wa riwaya, mabomu yakimiminika, anajinyea handakini. Anakaa ndani ya uchafu wake mpaka asubuhi, halafu mwenzake anavua suruali yake mwenyewe na kumpa. Niliona aibu. Nitayatamkaje hayo mbele ya mkubwa, na binti yake anamimina chai? Nikasema, "Akaogopa sana. Kukacha."

"Halafu?"

"Ni vile tu, yaya."

"Na suruali yake?"

Sikuwa nimetaja suruali.

"Mi nilifikiri mu kitabu njo batasema," akasema polepole. "Donc, basi, ni mi peke yangu."

Akapapasa fimbo yake, akaingia chumbani.

Nilirudi kwa metro mpaka kituo cha Porte de Namur nikiwa sina pa kuweka uso. Miaka yote ya kazi nilijisifu kwamba siruki neno la mtu. Mbelgiji nisiyemjua nilimpa ukurasa mzima, ndugu yangu nikampa adabu. Na adabu yenyewe ilikuwa ya kunilinda mimi. Naona haya ninapoyaandika haya.

Jumapili iliyofuata Yaya Deo alikataa kutoka chumbani. Nikavuta kiti mpaka mlangoni kwake.

"Yaya, niko narudia mwanzo wa sentensi."

Nikasoma yote: alivyojinyea, harufu, usiku mzima aliokaa vile, suruali ya mwenzake. Nilipomaliza, akafungua mlango.

"Ule mwenye alimupatia suruali, alimucheka?"

"Hapana, yaya. Hakuambia muntu."

Mkono ungali kwenye kitasa, akageuzia uso jikoni.

"Furaha, wacha chai, kuya hapa. Tonton yako atasoma tena, na weye usikie."

Nikasoma tena, macho chini, ingawa Yaya Deo haoni.