Samaki wa Bwawa la Chini ya Ngome

Asubuhi moja ya Novemba, baba yangu alisimama kwenye mlango wa bafu letu hapa ughaibuni, Thornton Heath, akashika miimo yote miwili, akasema haogi mtu humo kwa sababu kuna samaki.

Mlezi wake, mama wa Kikenya anayekuja kila asubuhi kwa basi kutoka Croydon, alidhani ni utani. "Mzee, samaki ametoka wapi hapa? Kama ako, mimi nitamkaanga, tumalizane na yeye."

Baba hakucheka. "Bado," alisema. "Hajamaliza kutoa tope."

Mimi nilikuwa ngazini na taulo mkononi. Kwa neno hilo la tope nikajua mara moja ni samaki yupi, na nikajua kwamba pale nyumbani hakuna mwingine angeweza kujua. Mama alishatangulia. Watoto wangu wamezaliwa hapa. Wakisikia habari za kijiji kile hudhani ni hadithi niliyoitunga.

Basi ngoja nikupeleke kijijini, maana bila kijiji samaki huyu hana maana yoyote.

Baba alikuwa bwana samaki. Serikali ilimtoa Songea ikampeleka Chekoslovakia, kama nchi ilivyoitwa wakati huo, akajifunze ufugaji wa samaki wa mabwawa. Mama na mimi tukamfuata. Chuo hakikuwa mjini. Kilikuwa ndani ya ngome ya zamani, katika kijiji kidogo ambacho ukikitafuta kwenye ramani kubwa hukioni.

Kijiji kilikuwa na kijito kimoja, barabara moja na mwamba mmoja. Kijito kilitoka msituni, kikaufikia mwamba, kikashindwa kupita, kikauzunguka pande tatu. Juu ya mwamba ndipo mabwana wa zamani walipojenga ngome yao, na ule upande wa nne usio na maji wakauchimbia handaki. Baadaye wakakizuia kijito kwa tuta refu la udongo, likapatikana bwawa. Nyumba zetu, zenye mapaa ya vigae vyekundu, zilijipanga kati ya bwawa na kanisa, zikifuata barabara. Ukisimama juu ya tuta ulikiona kijiji chote bila kugeuza shingo.

Historia niliipata kwa bibi mwenye nyumba, mjane aliyekaa chini huku sisi tukikaa juu. Aliisimulia akimenya viazi. Mabwana waliochimba bwawa walikwenda wapi? Hao nao walipita, alisema. Na askari waliouchoma mnara katika vita vile virefu, mnara ambao haukupata paa tena, ukaota mti juu yake? Hao nao walipita. Na wenye ngome wa mwisho, walioondoka na masanduku yao baada ya vita vya karibuni? Alifuta meza kwa kitambaa, akasema vilevile. Kisha ngome ikafanywa chuo, na Baba akawa anajifunza magonjwa ya mapezi katika chumba ambacho darini bado kilikuwa na kulungu wenye pembe, waliochorwa kwa rangi.

Nakumbuka moshi wa makaa uliokaa kwenye kola za makoti. Nakumbuka mkate mweusi wenye mbegu za kisibiti, na maandazi ya kuchemsha yenye tunda zima la zambarau la nchi ile katikati, ukiuma haraka linakuunguza ulimi. Kwenye nguzo za barabarani kulifungwa vipaza sauti. Vilianza na muziki wa tarumbeta, halafu sauti ya mwanamke ikatangaza kwamba makaa yamefika, au mbwa wa fulani amepotea. Kazi yangu ilikuwa kupeleka mkebe wa maziwa dukani ukajazwe, na kumshikia bibi ndoo alipochota makaa kwenye ghala la chini ya nyumba.

Majani yalipoanguka, bwawa lilifunguliwa mlango wake wa maji pale kwenye tuta. Maji yalitolewa siku kadhaa hadi likabaki tope na samaki waliobanana wakipiga mikia. Wanaume waliingia wamevaa mabuti ya mpira yaliyofika kifuani, na Baba katikati yao. Kijiji kizima kilisimama juu ya tuta kikinywa supu ya moto. Kisha mlango ulifungwa, bwawa likaanza kujaa tena. Samaki wa kule wenyeji wanamwita kapr: mnene, mgongo rangi ya shaba, ana ndevu fupi pembeni mwa mdomo. Huyo ndiye kitoweo chao cha Krismasi. Ila ana ladha ya tope, kwa hiyo humnunua angali hai na kumweka katika maji safi siku chache atoe tope lake. Na maji safi ya kumtosha samaki mkubwa namna ile yako wapi nyumbani? Bafuni.

Nyumba yetu ilikuwa na beseni moja tu la kuogea, refu la kulala mtu. Bibi alimtia samaki humo, na watu wazima wakawa wananawa kwa kitambaa. Mimi nilikuwa mtoto wa tope na masizi, sikuruhusiwa kulala hivyohivyo. Kwa hiyo kila jioni Baba alimhamishia samaki kwenye ndoo ya bati. Mkono mmoja chini ya tumbo, mwingine juu ya mgongo. "Usimshike mkia," aliniambia, "utamvunja moyo." Nilioga nikimtazama kwenye ndoo, naye akinitazama. Nilipomaliza, Baba alisuuza sabuni yote, akajaza maji mapya, akamrudisha.

Siku yenyewe ilipofika bibi alimpa Baba nyundo ya mbao. Ilikuwa heshima kwa mtaalamu. Baba alinitazama mimi, akaiweka nyundo chini, akamtia samaki kwenye ndoo, akaifunika kwa gunia na kutoka nje. Aliporudi buti zake zilikuwa na theluji. Alisema amemrudisha bwawani. Nikauliza, na barafu je? Akasema ameivunja kwa koleo la makaa, pale karibu na mlango wa maji.

Jioni ile tulikula samaki wa kukaanga, aliyeviringishwa kwenye unga wa mkate, na kachumbari ya viazi. Bibi aliinamia sahani yake. Nilikula nikashiba. Sikuuliza ni samaki wa nani.

Sasa turudi Thornton Heath. Baba ana kidonda kisiginoni, na muuguzi wa mtaa anayekuja kukifunga alinieleza kwa upole kwamba mguu ule usiposafishwa vizuri hautapona, na kama nyumbani haiwezekani, itabidi tuzungumze kuhusu kumhamishia kwenye nyumba ya wazee. Alilisema neno hilo huku akikunja glavu zake.

Kesho yake nilichukua ndoo ya kupigia deki, nikainama juu ya beseni tupu.

"Mkono chini ya tumbo, mama," Baba aliniambia kutoka mlangoni.

Nikaweka mkono chini ya tumbo. Nikainua. Nikamtia samaki ndooni, nikaipitisha mbele ya Baba, akachungulia ndani ya ndoo, akaridhika, akaingia kuoga. Mlezi aliziba mdomo kwa kiganja. Baadaye, tukikausha sakafu, akaninong'oneza, "Dada, na kesho tunamtoa tena?"

Tulimtoa tena, siku baada ya siku. Baba hakuacha kusimamia: suuza sabuni, usijaze sana, mwangalie mapezi. Mlezi naye akazoea, akawa anauliza tangu anavua koti, "Mgeni wetu aliamkaje, mzee?" na Baba anampa ripoti kamili. Kidonda kikaanza kufunga. Mimi nikapata tamaa. Nilidhani kwa mlango huu wa bafu nitarudi naye kijijini, nihakikishe mambo ambayo kwa umri ule sikuweza kuyahakikisha. Mti wa mnarani ulikuwa wa aina gani? Bibi alikuwa na watoto? Na swali kubwa, ambalo niliendelea kuliahirisha.

Krismasi ikafika. Asubuhi Baba alikuta ndoo tupu, beseni tupu, akaniuliza yuko wapi.

"Nimemrudisha bwawani, Baba."

"Na barafu?"

"Nimeivunja kwa koleo la makaa. Pale karibu na mlango wa maji."

Akasogea, akanishika kiwiko, akashusha sauti.

"Vizuri," alisema. "Mtoto asijue."

Sijui alidhani anazungumza na nani, Mama au bibi mwenye nyumba. Nilifungua mdomo nimuulize asijue nini, lakini mlezi alikuwa ameshafika na taulo, na Baba alikuwa ameanza kuvua shati.

Baada ya hapo samaki hakutajwa tena. Nilingoja. Januari ilipoisha nilishindwa kuvumilia. "Baba, yule samaki wa bibi, tulimla?"

"Samaki gani, mama?" alisema kwa adabu, kama unavyomjibu mgeni.

Muuguzi amefurahi sana. Kisigino kimepona, na habari ya nyumba ya wazee haizungumzwi, kwa sasa. Nami kwenye simu nimekiona kijiji kutoka angani: kijito kikizunguka mwamba, mnara usio na paa, tuta, bwawa. Vyote vipo. Ila hayupo wa kuniambia kama ninavyokumbuka ndivyo ilivyokuwa, na kwa watoto wangu nilichoota na nilichokiona ni hadithi ileile.

Siku hizi Baba anaoga bila ubishi. Mlezi bado anaiweka ndoo kando ya mlango, kwa mazoea. Baba anakaa ndani ya maji, na mara nyingine mkono wake mmoja unabaki chini ya maji, kiganja kikitazama juu, hautikisiki. Namsugua mgongo. Simharakishi.