Mti wa Akina Mama

Colombe anatunza mti pekee Bukavu ambao hakuna mtu aliyewahi kuutazama akafikiria makaa. Mti huo umo ndani ya kompyuta kuukuu, katika chumba cha parokia, na majani yake ni majina ya watu waliokimbia vita.

Aliuunda mwenyewe, kwa sababu ya diski. Diski ya zamani huzunguka kama sahani, na kila mara mashine inapotaka kusoma kitu, kidole chake cha chuma hutoka kwenda kukitafuta. Safari hiyo ni ya polepole na hula umeme, na umeme wenyewe ni batri moja ya jua inayotegemea mawingu ya ziwani. Kwa hiyo Colombe hakuyapanga majina moja baada ya jingine. Aliyajaza kwa mpangilio katika kurasa nene, na kila ukurasa unaonyesha njia nyingi za kurasa za chini. Ukurasa ukijaa, hugawanyika sehemu mbili na kulipandisha jina la katikati kwenye ukurasa wa juu yake. Mti hauinami upande wowote, na kila jani liko mbali sawasawa na shina. Maelfu ya watu, safari chache tu za kidole. Katika mkoa ambako barua ya kilomita kumi huweza kupotea mwaka mzima, huo ni utaratibu wa kutia shaka.

Patrice aliingia asubuhi akiwa na tope la machimbo ya Mwenga kwenye viatu.

“Maman Colombe, niangalizie mama yangu. Fabiola M'Cirhuza, wa Kalehe. Watu wanasema alipitia hapa.”

Colombe aliandika. Mti ulijibu kabla hajakaa vizuri.

“Haiko.”

“Haiko namna gani? Umeangalia juu-juu.”

“Mashini haijuwe kuangalia juu-juu.”

Alijaribu Fabiola peke yake. Haiko. Hapo akaanza kupekua majani kwa macho, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, maana nani hukagua kitu kinachofanya kazi? Akaona Mama Aimée, Mama Cédric, Mama Christophe. Wanawake wote wazima wa mkoa walikuwa wamekaa upande mmoja wa alfabeti.

Aligeuka kumtazama Télesphore, katekista mzee aliyeandikisha watu mezani.

“Tonton, majina ya hawa bamama iko wapi?”

“Si ni hayo unaona.”

“Jina la kila mumoja yeye mwenyewe, Tonton. La ubatizo.”

“Nimuite mama wa watu Fabiola hivi-hivi, mbele ya wakwe zake? Mimi si polisi. Niliuliza kila mumoja: wewe mama wa nani? Akajibu, nikaandika.”

Colombe alirudi kutazama kioo cha kompyuta. Mti wake ulikuwa mzima, umesimama wima, na haukuwa na mwanamke hata mmoja ndani yake. Taa ya batri ilikuwa nyekundu.

“Haya,” akamwambia Patrice. “Mutoto wa kwanza wa mama yako ni nani?”

Patrice alitazama viatu vyake. “Kwetu hatutajaka ile jina.”

“Batri inaisha, ndugu yangu.”

“Destin,” alisema hatimaye. “Alikufa.”

Majani ya mti huo yameshikana mikono, kila moja linajua jirani yake. Colombe alimfikia Mama Destin wa kwanza, kisha akatembea kwenda kwa wa pili na wa tatu bila kurudi juu. Mmoja wa Sange, wawili wa Shabunda. Wa Kalehe hakuwepo.

“Na wewe unaitwa nani?” Télesphore akauliza.

“Patrice. Lakini mimi ni wa pili, Papa. Hakuna mutu alimuitaka kwa jina yangu.”

Colombe alikuwa ameshaandika. Akasoma kwa sauti: “Mama Patrice. Kalehe. Batoto alizaa: mumoja. Amebeba kichwa cha cherehani. Anaenda Luvungi.”

“Ile cherehani ni yake,” Patrice alisema. Kisha: “Soma tena pale pa mutoto.”

Kioo kilizimika. Télesphore alipangusa meza ambayo haikuwa na vumbi.

“Ni mumoja,” Colombe alisema. “Nimesoma vizuri.”

Patrice aliondoka siku hiyohiyo kuelekea Luvungi, kwa barabara ambayo habari zake hakuna anayependa kuzisimulia. Mpaka sasa hajapiga simu.

Colombe ameanza mti wa pili, wa majina ya ubatizo. Télesphore amekubali kuuliza, kwa sauti ya chini, lakini tangu hapo hakuna mama mpya aliyefika mezani, na waliopita hawawezi kuulizwa tena. Jina ni moja tu, alilolileta Patrice: Fabiola M'Cirhuza. Mti wa jina moja hauna tawi. Jani ndilo shina, na mashine hulipata kwa safari moja.

Colombe hulitafuta kila asubuhi kabla batri haijachoka. Anasema anajaribu diski.