Mjusi Aliyekaa Kando ya Moto wa Weldi

Miaka ya tisini nilikuwa na banda la kuchomelea vyuma mjini Homa Bay, kwenye njia inayoshuka sokoni. Nilitengeneza milango, madirisha na vitanda vya bweni. Siku moja mwalimu mzungu aliyefundisha upande wa Asumbi aliniletea kazi ambayo sikuwahi kuifanya: kizimba cha wavu wa chuma chenye mlango mdogo juu. Nilimuuliza ni cha kuku gani. Akacheka, akafungua katoni aliyokuja nayo, nami nikaruka nyuma mpaka nikaangusha nyundo.

Ndani alikuwamo mjusi mnene wa rangi ya mchanga, urefu wake kama kutoka kiwiko changu hadi ncha za vidole. Chini ya kidevu alikuwa na miiba midogo iliyojipanga kama ndevu. Asili yake, mwalimu alisema, ni majangwa ya Australia, na hang'ati mtu.

Mwaka uliofuata mwalimu, aliyezoea kupita bandani na mjusi wake, alikuwa anarudi kwao, na mjusi hangeweza kusafiri naye. Akaja bandani na kile kizimba nilichomtengenezea.

"Fundi, wewe umeshamzoea. Mpe panzi, mpe sukuma wiki. Lakini usisahau, huyu anataka joto na mwanga mchana kutwa."

Nilisikia vizuri sana. Mahali pekee penye joto na mwanga nilipokuwa napo ni kando ya meza yangu ya kazi. Nikakiweka kizimba pale.

Binti yetu alikuwa na miaka minne. Mama yake alikuwa akishona nguo sokoni, kwa hiyo mtoto alishinda na mimi. Aliketi juu ya mkebe wa rangi uliopinduliwa, ubavuni mwa kizimba, akimlisha mjusi majani. Kila nilipowasha weldi, mjusi aliinua kichwa na kuugeukia ule mwanga, na mtoto alipiga makofi.

"Baba, anaangalia nyota!"

Na mimi nilifurahi. Nilidhani nimempatia alichokitaka.

Baada ya miezi michache mjusi akaanza kukosea panzi. Alitoa ulimi ukagonga ubao wa sakafu ya kizimba, panzi yuko pembeni anamtazama. Mara ya kwanza nilicheka. Kisha kope zikavimba, ndevu zikawa nyeusi tii, na akawa anatembea mpaka anaugonga wavu kwa pua.

"Huyu mnyama haoni," mke wangu alisema.

"Anaona, mama. Ni uzee tu."

Siku hizohizo binti yetu naye alikuwa akisumbuliwa na macho. Ikifika jioni aliyasugua na kulia kwamba yana mchanga. Tulimwosha kwa maji, tukalaumu vumbi la barabara. Akipelekwa kwa nyanya yake Migori, siku chache tu yanapona. Nyanya alituambia hewa ya Migori ndiyo dawa, nasi tukakubali.

Nilimbeba mjusi mpaka kwa daktari wa mifugo, mama mmoja mtu mzima aliyezoea ng'ombe na mbuzi. Alinitazama kama niliyemletea mzaha. Hata hivyo alimshika mjusi kwa upole, akamulika jicho moja kwa tochi, kisha la pili. Uso wake ukabadilika.

"Fundi, unamweka wapi?"

"Bandani, Daktari. Karibu na meza. Nilielezwa anataka mwanga."

"Mwanga upi?"

Nikamwambia ni ule wa weldi. Akaizima tochi.

"Huyu umemchoma macho kwa weldi. Hawezi kukwambia yanauma. Wewe ukifanya kazi unavaa nini?"

"Ile ngao yenye kioo cheusi."

"Na nani mwingine anakaa pale?"

Niliinua kiganja hadi kimo cha kiuno changu. Akilini nilimwona mtoto wangu juu ya ule mkebe, macho yake makubwa yameelekea kwenye cheche, nami niko nyuma ya kioo changu cheusi, salama. Daktari alinisogezea kiti nikakaa, mjusi bado mikononi mwake.

"Ni mtoto?" aliuliza polepole.

Niliitikia kwa kichwa.

Nilimwacha mjusi kwa daktari, wala sikurudi bandani. Nilimchukua binti yangu kwa jirani niliyemwachia, nikapita sokoni nikamwita mke wangu, tukaenda hospitali. Njiani nilimweleza. Alisimama katikati ya barabara, kisha akamtwaa mtoto mgongoni mwangu akatangulia. Hospitalini walimtia dawa, wakamfunga macho kwa bandeji siku mbili. Kwa siku hizo mbili alinifuata kwa kupapasa ukuta, na sikuweza kula chochote. Bandeji ilipotolewa alihesabu vidole vyangu vyote bila kukosea. Nililia mbele ya muuguzi, wala sikuona haya.

Mjusi alipona jicho la kulia tu. La kushoto lilibaki jeupe kama maziwa. Tulimhamishia nyumbani, dirishani penye jua, na tukajifunza kumlisha kutoka upande wa kulia.

Banda nililizungushia mabati. Halafu nikaenda kwa fundi mwenzangu wa ng'ambo ya barabara, ambaye wanawe wawili walicheza miguuni pake siku zote, nikamwonya kuhusu macho yao.

"Omera, ndugu yangu, hawa wamezaliwa hapahapa," alinijibu. "Wameshazoea."

Sikubishana naye. Kesho yake nilimpelekea mjusi, nikamweka juu ya meza yake, nikampitishia panzi mbele ya jicho la kushoto, mara moja, mara mbili, karibu kabisa. Mjusi hakutikisika. Fundi alizima mashine, akavua ngao yake, akamwinamia kumtazama. Kisha aliwaita watoto wake kwa sauti ambayo sikuwahi kumsikia nayo, na kabla ya saa sita mchana alikuwa ametundika magunia pande zote za banda lake.