Kidole Kilichoozesha Maboga ya Mama

Nilipokuwa darasa la kwanza, pale Ilongero, niliua maboga tisa kwa kidole kimoja. Ndivyo nilivyoamini, na kwa wiki nzima niliishi kama mtu anayetafutwa na polisi.

Mama alikuwa fundi cherehani. Mtama na alizeti tulilima kama watu wote, ila bustani hakuwahi kuwa nayo. Mwaka ule akaona maji ya kuogea yanayomwagika nyuma ya nyumba yanapotea bure, akapanda maboga. Kila asubuhi, kabla hajakalia cherehani, alikwenda kuyaangalia kama mtu anayekwenda kumjulia hali mgonjwa. Yakatambaa mpaka kwenye uzio wa miiba, yakatoa maua, kisha viboga vidogo kama ngumi ya mtoto mchanga.

Bibi, mama yake Baba, alipoviona alituita mimi na mdogo wangu Rehema.

"Kiboga kichanga hakinyooshewi kidole," alisema. "Ukikinyooshea kinaoza. Ukitaka kumwonyesha mtu, kunja ngumi."

"Na kiwiko je, Bibi?"

Bibi akafikiri. "Kiwiko hakina neno."

Mama hakubishana na mama mkwe. Jioni ile alichukua vipande vya kitambaa vilivyobaki kwenye sare za shule, akatushonea vifuko vya kuvaa mikononi, vyenye macho na masikio marefu. "Nani anaingia bustanini?" alikuwa akiuliza. "Sungura!" tunajibu, na ndipo tunaruhusiwa kupita. Mpaka leo sijui kama aliyaamini maneno ya Bibi, au alifurahi tu kupata sababu ya kushona kitu kisichokuwa sare.

Siku moja rafiki yangu Mwajuma akaja kucheza. Nikamwambia tuna maboga tisa.

"Muongo."

Vifuko vilikuwa vimefuliwa, viko kwenye kamba. Nikaanza kumhesabia kwa kiwiko.

"Lile pale!"

"Lipi?"

"Lile la pembeni!"

"Hilo jani."

Uvumilivu ukanishinda. Nikanyoosha kidole, moja, mbili, tatu, mpaka tisa. Mwajuma akaridhika, akaenda kwao.

Siku ya tatu kiboga cha kwanza kiligeuka njano, kikalainika, kikadondoka. Kesho yake viwili. Bibi alizunguka bustani akisema peke yake kwa Kinyaturu, na alipofika kwangu akageukia Kiswahili ili nisikose neno: "Aliyefanya haya yumo humu humu."

Nilikisugua kidole kwa majivu. Nikakifunga kitambaa. Shuleni mwalimu aliponiita nionyeshe herufi "e" ubaoni, niliogopa isije ikadondoka nayo, nikaionyesha kwa kiwiko. Darasa zima likacheka. Mwalimu akaniuliza kama nimevunjika mkono.

Viboga vilipobaki viwili tu, Rehema akaanza kulia tumbo. Hapo nikakumbuka kwamba jana yake nilikuwa nimemnyooshea kidole, nikisema, "Ni yeye, Mama, aliyemwaga chumvi!" Nikamkimbilia Mama kwenye cherehani.

"Mama, Rehema anaoza."

Cherehani ikasimama. "Anafanya nini?"

Nikasema yote, kuhusu Mwajuma, kiwiko, kidole, hata herufi, huku kamasi zikinitoka. Mama alinitazama, akatazama kile kidole chenye kitambaa, akashuka kwenye stuli na kuketi chini, karibu yangu.

"Nikuambie siri? Na mimi nilivinyooshea. Nilikuwa nawahesabia wateja."

"Wewe, Mama?"

"Mimi. Tena mara mbili. Na Rehema amekula karanga mbichi bakuli zima. Huyo haozi, huyo atahara tu."

Akahara kweli. Asubuhi alikuwa mzima, anadai chai. Viboga viwili vya mwisho vilidondoka wiki ile ile, nami sikulia, maana tulikuwa wakosaji wawili.

Siku hizi naishi Unyambwa, na nina binti wa miaka sita, Tumaini. Mwaka jana nilipanda maboga kwa mara ya kwanza uani. Viboga vikaanza kugeuka njano na kudondoka. Jirani yangu Mama Zainabu, anayeuza mboga, akaja kuona, akafunua sufuria yangu jikoni.

"Maua haya umeyatoa wapi?"

"Bustanini. Nimechuma yale yasiyo na kiboga nyuma yake, nikatia kwenye mlenda. Mama alikuwa akifanya hivyo."

"Umechuma yote?"

"Yote."

Mama Zainabu alicheka mpaka akaushika ukuta. "Hayo ndiyo madume! Umewachemsha mabwana harusi wote, sasa hao wake watazaa na nani?"

Jioni nikampigia Mama simu. Nikamwambia maboga yale ya Ilongero aliyaua yeye, kwa mwiko. Alicheka mpaka akakohoa. Alipotulia nikamuuliza, "Na kidole, Mama, ulivinyooshea kweli?"

"Nivinyooshee saa ngapi mimi, na mama mkwe yupo?"

Nimekaa na jibu hilo muda mrefu. Bustani yake ya kwanza ilikuwa inamfia mbele ya mama mkwe, na mkosaji amejileta mwenyewe. Angeweza kunichapa. Angeweza hata kuniambia sina kosa, nami nisingemwamini. Akashuka akaketi na mimi.

Juzi Tumaini alikanyaga miche yangu ya nyanya akimfukuza kuku. Nilipiga kelele mpaka kuku mwenyewe akatulia. Baadaye nilimkuta chumbani, amejikunja nyuma ya mlango. Nikaketi sakafuni kando yake mpaka akaegemeza kichwa kwenye mkono wangu. Siri ya maboga nimeifahamu kwa msimu mmoja. Hii ya kushuka na kuketi bado najifunza, na mara nyingi nachelewa.